Kambi ya familia ukitokea Mwanza: Saanane, Ukerewe, Rubondo au Serengeti kwa Ndabaka?

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, akina mama wenzangu huniuliza swali lilelile: tukitaka kuwatoa watoto siku mbili tatu, tulale kwenye hema, simu zikae pembeni, twende wapi? Wengi huuliza huku jibu wanalo tayari. Serengeti, kwa sababu ndiyo yenye jina, na lango la Ndabaka lipo pale barabara ya Musoma, kama kilomita 140 hivi kutoka mjini. Mimi huwarudishia swali kwanza. Mtoto wako wa mwisho ana miaka mingapi, na mkifika huko mikono yake itakuwa na kazi gani?

Nauliza hivyo kwa sababu safari yetu ya kwanza tulikosea hapo hapo. Tulikwenda Serengeti mimi, baba yao na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili, wa kati saba, kitinda mimba miwili. Simba tulimwona mapema kabisa, amelala chini ya mti na tumbo limejaa, na kwa dakika tano hivi gari zima lilikuwa kimya kwa mshangao. Baada ya hapo tukaendesha zaidi ya saa nzima bila kukutana na chochote kipya. Nilipogeuka nyuma, mkubwa ameinamia simu, wa kati anamchungulia begani, mdogo analia anataka kushuka. Kushuka haikuwezekana. Hifadhini mtu habanduki kwenye gari ila pale palipowekwa kwa ajili hiyo, na sheria hiyo ina sababu yenye meno. Sikuweza kumlaumu mwanangu. Nilimfungia kwenye kiti kuanzia asubuhi, kisha nikamtaka asishike kitu.

Tangu siku ile tumelala kwenye hema mara nyingi, karibu zote pembeni mwa Ziwa Victoria, na nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa: kwa familia inayotaka kweli kupumzika na simu, ziwa linaishinda mbuga. Wanyama huangaliwa kwa macho. Kuni, mchanga, ndoano na kasia hushikwa kwa mikono, na mtoto mwenye kitu mkononi hakumbuki simu iko wapi. Lakini ziwa nalo lina hatari zake ambazo mbuga haina, na sehemu hiyo nimeiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayorukwa.

Saanane: siku ya mazoezi

Nianze na hii kwa sababu ni fupi. Kisiwa cha Saanane kipo mbele ya macho yetu, boti inatoka upande wa Capri Point na haichukui muda. Palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na jina likabaki la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 2013 pakawa Hifadhi ya Taifa. Ukichanganya nchi kavu na maji yake, ni kilomita za mraba 2 na kidogo tu.

Kwa kambi ya siku tatu ni padogo, watoto watapazunguka pote kabla ya chakula cha mchana. Ila kama familia yako haijawahi kukaa hata nusu siku bila simu, jaribuni pale kwanza. Wekeni simu zote kwenye begi moja saa tatu asubuhi, msizitoe mpaka mrudi gatini. Pimbi wapo juu ya majabali, na wale mijusi wetu wa Mwanza, dume kichwa chekundu na mwili wa buluu, wakiinua na kushusha kifua kama wanaopiga pushapu. Wa kati wangu alilala kifudifudi akimwangalia mmoja mpaka jiwe likaanza kumchoma. Mkirudi mtajua nani kati yenu anahangaika zaidi bila simu. Kwetu alikuwa baba.

Serengeti na Rubondo: gari na miguu

Hapa ndipo penye ulinganisho wenyewe, maana zote mbili ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zote zina maeneo ya kupiga hema, na Mtanzania hulipa kwa shilingi kiingilio ambacho familia ya kipato cha kawaida inaweza kujipanga nacho. Mtoto aliye chini ya miaka mitano halipiwi. Malipo ni kwa kontroo namba, basi yamalizeni mkiwa bado mjini. Nimeona watu wamekwama langoni kwa sababu mtandao umegoma.

Kwa njia, Serengeti ni rahisi zaidi. Mnatoka alfajiri, mnapita Magu, Lamadi, na kabla jua halijawa kali mpo Ndabaka. Gari liwe la juu, lenye nguvu magurudumu yote manne. Ukanda ule wa magharibi una udongo mweusi, ule sisi Wasukuma tunaouita mbuga, na ukilowa hushika tairi mpaka gari linakaa kwa tumbo. Kiangazi hakuna shida hiyo. Tena mwezi wa sita una bahati yake: nyumbu mara nyingi huwa wamefika upande wa mto Grumeti kabla hawajaelekea kaskazini, kwa hiyo likizo ya shule na msafara wa nyumbu huangukiana.

Rubondo, kisiwa cha ziwani upande wa Geita, zamani ilikuwa habari ya kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, na siku mbaya foleni peke yake ilikula asubuhi nzima. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, hesabu ilibadilika kabisa. Sasa mnavuka kwa dakika chache, mnapita Sengerema na Geita. Mbele ya hapo kuna kuamua. Mnaweza kushuka Nkome, ambako barabara ni fupi lakini boti ni ndefu, au mwendelee hadi Chato na Kasenda, ambako barabara ni ndefu lakini maji ya kuvuka ni machache. Mwenye watoto wadogo namshauri Kasenda bila kusita. Mtoto aliyechoka ndani ya gari mnasimama, mnakula mahindi ya kuchoma, mnaendelea. Mtoto aliyechoka katikati ya mawimbi hana pa kusimama.

Sasa mkishafika. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763, na utaiona kwa dirisha. Kambini mnaruhusiwa kutoka nje ya gari, kupika, kuota jua, lakini hakuna uzio, na mtoto hatakiwi kuvuka mpaka wa kambi hata kufuata mpira. Jua likizama, kila mmoja ndani ya hema, zipu juu hadi chini. Haja ndogo ya usiku mnaweka ndoo. Fisi mtawasikia, na pengine simba. Mwenye mtoto wa miaka kumi na kuendelea, mwenye uelewa na ujasiri, usiku ule hatausahau maisha yake, nami sitaki mtu aseme nimemkataza. Ila mwenye mtoto wa miaka minne atakesha akimnyamazisha, na kesho yake wote mtasinzia ndani ya gari. Na mbung'o, ndorobo kwa jina lingine, wapo upande ule, na wanauma hata juu ya shati. Wanapenda nguo za buluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni kaki au rangi ya majani makavu, na hema lisiwe la buluu.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 456, nusu na kidogo nchi kavu, iliyobaki maji. Karibu chote kisiwa kile ni msitu. Simba hayupo, fisi hayupo. Tembo na twiga wapo, waliletwa na wanadamu, na kwa sababu ya tembo hamtembei bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Lakini mnatembea! Hilo ndilo lililoniteka moyo. Mnatembea kwa miguu yenu wenyewe chini ya miti, mtoto anaokota tunda lililotafunwa na kuuliza ni nani kalitafuna, askari anachuchumaa kumwonyesha alama za meno. Mtatazama nzohe, swala wa kwenye matope mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame. Mtamsikia furukombe, yule tai mla samaki, kabla hamjamwona, sauti yake ikipasua ziwa asubuhi. Kwenye mawe ya ufukweni, mkinyamaza vya kutosha, fisi maji hujitokeza na samaki mdomoni.

Kuna habari moja ya Rubondo ambayo huwasimulia watoto kila tunapokwenda. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, na Shirika la Frankfurt la Wanyamapori waliwaleta pale sokwe mtu 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wameishi kwenye vizimba, wakiletewa chakula na binadamu. Waliachiwa msituni wajitafutie. Ilibidi wajifunze tunda lipi linalika, mti upi unafaa kufungia tandiko la kulalia, na hakuna aliyewafundisha. Walijifunza, wakazaa, na wajukuu wa wajukuu zao ndio walio msituni leo. Kuwaona si jambo la uhakika, msitu ni mnene na wao huhama. Safari yetu tuliona matandiko yao tu, matawi yaliyokunjwa juu ya mti, makavu. Mkubwa wangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano na si mtu wa maneno, alisimama akitazama juu muda mrefu, halafu akasema, "Mama, kumbe walikuwa hawajui kabisa kutandika." Nikamwambia hapana, hawakujua. Akanyamaza tena.

Usiku wa Rubondo una kiboko. Hutoka majini kula majani na anajua njia zake. Kabla hujapiga hema tafuta ile njia: majani yamelazwa kwa upana, kinyesi kimetawanywa vichakani kama kimepigwa kwa ufagio. Usilale juu yake wala kati yake na maji. Muulize askari, akuonyeshe. Na mamba wapo, kwa hiyo kuogelea sahauni. Watoto wataumia kusikia hivyo, maana ufukwe ule ni mchanga mweupe na maji yanaita.

Gharama? Serengeti inakula kwenye mafuta na gari la kukodi kama huna lako. Rubondo inakula kwenye boti. Boti ya kukodi bei yake ni ileile muwe wanne au kumi, kwa hiyo tafuteni familia nyingine mwende pamoja. Sisi tulikwenda na wifi yangu na wanawe wawili, na lile lililokuwa la kupunguza gharama likawa ndilo jema kuliko yote: watoto watano walicheza wenyewe kwa wenyewe. Kuni za hifadhini haziokotwi, si Rubondo si Serengeti, kwa hiyo bebeni mtungi mdogo wa gesi au mkaa.

Ukerewe: kambi yenye majirani

Ukerewe si hifadhi. Ni kisiwa chenye watu wengi, mashamba ya mihogo na machungwa, baiskeli kila njia. Mnakwenda kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au mnazunguka na gari kwa Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko cha kwenda Rugezi. Njia ya pili ni ndefu, lakini mkiwa na hema, sufuria na godoro la bibi, gari linasaidia.

Kipimo cha simu kikiwa ndicho peke yake, Ukerewe inashindwa vibaya. Mtandao unashika vizuri tu, jirani ana redio, duka lina vocha. Rubondo kwa upande wake mtandao ulitukatikia tulipouingia msitu, na mabishano yote yakaisha bila mzazi kusema neno. Pamoja na hayo, familia yenye mtoto chini ya miaka saba naipeleka Ukerewe. Mtoto pale anakimbia. Hakuna tembo, hakuna mtu mwenye bunduki wa kumfuata, kuna watoto wenzake, na kuna kazi.

Sisi huenda upande wa Rubya, kwenye shamba la miti linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Misonobari imepandwa kwa mistari, chini sindano zake zimetandika kama zulia, na ukitembea kidogo unafika ziwani. Mkitaka kupiga hema kwenye ufukwe wa kijiji, mahali pasipo pa wakala, msianze kushusha mizigo. Nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, msalimieni, mjieleze, muandikwe kwenye daftari la wageni. Sisi mara moja tulichelewa kufika na tukaanza kupiga hema gizani, na wanaume wanne wakaja na tochi kutuuliza sisi ni akina nani. Walikuwa na haki kabisa. Ufukwe ule una nyavu na mitumbwi, na nyavu huibiwa. Baada ya kujieleza walitusaidia kukaza kamba.

Asubuhi yake, bibi mmoja alikuwa akigeuza dagaa juu ya chanja. Wa kati wangu akasogea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutazama au kufanya kazi?"

Akafanya kazi. Akafundishwa kupitisha viganja chini ya dagaa na kuwapindua bila kuwavunja, kuwatoa vichwa sangara wadogo walioingia humo, kumfukuza kunguru bila kurusha jiwe. Alirudi kwenye hema saa sita mchana ananuka samaki mpaka kwenye nywele, na mfuko wa dagaa aliopewa. Tuliwala jioni kwa ugali wa udaga wa mihogo. Siku nzima hakuna aliyeuliza mkebe tunamofungia simu uko wapi.

Na usiku. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwa hiyo tofauti na mtu wa Serengeti, ambaye mbalamwezi humsaidia kuona kinachopita nje, ninyi wa ziwani tafuteni siku za mwezi giza. Mnakaa mchangani, na mbele yenu ziwa lote limewaka nukta nukta kama mji ulioshuka majini. Watoto wakahesabu taa, wakafika mia na thelathini, wakagombana kama ile ya mwisho ni taa au nyota, wakaanza upya.

Alfajiri ya mwisho wa mwezi wa sita, mkiamka saa kumi na moja, tazameni mashariki. Kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana ni kilimia. Wazee waliitazama kujua majira, na msemo wao bado upo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwetu huzama masika inapoendelea na kuzuka kiangazi kimeingia, msemo umesimama wima mbele ya macho ya mtoto. Rubondo inaonekana vilevile, Serengeti vilevile, lakini Ukerewe ndiko mtoto anaweza kutoka nje ya hema saa hiyo bila kumwamsha askari.

Maji, mahali pa kuwa wakali

Kwanza kichocho. Pwani zote za ziwa letu zenye makazi zinacho, na Ukerewe hakuna sababu ya kuificha. Vijidudu hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji matulivu yenye matete na magugu, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Mtoto akichezea maji hayo saa sita mchana kwa nusu saa, imetosha. Kwa hiyo watoto wangu hawaogelei ziwani. Nasema wazi hivyo kwa sababu nimeona familia zikipiga picha zikiwa ndani ya maji ya magoti pembeni ya matete. Maji ya kuoga tunachota jioni, tunayaacha kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili, vijidudu hufa, au tunayachemsha. Ya kunywa ni ya kuchemshwa au ya chupa, bila mjadala. Mtoto akiingia majini kwa bahati mbaya, mfute haraka kwa taulo kavu, na wiki kadhaa mkisharudi mpelekeni akapimwe. Dawa ya kichocho ipo na ni ya uhakika.

Pili boti. Sisi wa mikoa hii hatuhitaji kufundishwa: tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, tarehe 20 Septemba 2018 ikazama MV Nyerere, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na mara zote mbili chombo kilibeba watu kuliko uwezo wake. Mwaka juzi mwenye boti mmoja aliwapa watoto wetu majaketi ya kuokolea ya watu wazima. Nilimvalisha kitinda mimba lile jaketi, nikalivuta juu kwa mabega, likatoka lote mkononi mwangu na mtoto akabaki chini. Tukashuka. Tulipoteza siku na sehemu ya hela, wifi yangu akanuna mpaka jioni. Ningeshuka tena. Jaketi la mtoto linunueni lenu wenyewe, mbebe kutoka nyumbani, na lijaribuni kwa kulivuta hivyo hivyo. Vukeni asubuhi. Kiangazi upepo huamka kadiri jua linavyopanda, na ziwa lililokuwa kioo saa mbili laweza kuwa na mawimbi saa nane.

Tatu radi. Dhoruba za ziwani hupenda usiku, hasa miezi ya mvua, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kutopiga hema ufukweni kati ya mwezi wa tatu na wa tano, wala vuli ikiwa imeiva. Hata kiangazi, hema lisikae chini ya mti ulio peke yake wala juu ya jabali. Ngurumo ikikaribia, wote kwenye gari.

Malaria ipo pande zote nne, hakuna cha kulinganisha. Chandarua ndani ya hema kama zipu imechoka, nguo ndefu jioni.

Kuhusu hizo simu

Simu janja zetu huingia kwenye mkebe wa bati wenye mfuniko, uliokuwa wa biskuti. Za wazazi pia. Nasisitiza za wazazi, kwa sababu mtoto akimwona baba "anaangalia kitu kidogo tu" mkebe umeisha kazi. Tunabaki na kiswaswadu kimoja chenye laini ya mtandao unaoshika zaidi upande tunaokwenda, na namba zimeandikwa kwenye karatasi: bibi, jirani, mkuu wa kambi, zahanati. Siku mbili kabla tunawaambia ndugu kwenye kundi la familia kwamba hatutapatikana hadi Jumapili, mwenye shida apige namba ile. Safari ya kwanza hatukusema, na mama yangu mkwe alikosa usingizi usiku kucha akidhani boti imezama.

Saa ya kwanza ngumu ni jioni ya kwanza, kati ya kumaliza kupiga hema na chakula. Hapo ndipo kila mtu hukumbuka. Sisi saa hiyo tumeijaza makusudi: mmoja anamenya, mmoja anachota maji, mmoja anajaza mchanga kwenye viroba. Mchangani vigingi vya hema havishiki hata uvipige kwa jiwe. Unafunga kamba ya hema kwenye kiroba kilichojaa mchanga, unakifukia kina cha kiwiko, unakanyaga juu. Upepo wa usiku hauking'oi. Kazi hiyo watoto wanaigombania. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, tumeweka kwenye kopo la mfuniko, kila mtu huchota akitaka, na njaa ya jioni haigeuki ugomvi.

Mdogo wangu, mwenye mapacha wa miaka mitano, alinipigia wiki iliyopita kutaka Serengeti. Tumezungumza karibu saa nzima. Rubondo nimemwambia asubiri wafike miaka minane, waweze kumfuata askari kwa saa mbili bila kubebwa. Serengeti iende kwa kaka yetu, ambaye wanawe wote wapo sekondari na anataka nyumbu. Mdogo wangu mwenyewe amekubali Rubya, siku tatu, mwezi giza. Nimemwazima hema, viroba vinne, majaketi mawili ya watoto na mkebe wa biskuti.